Maji ya Mwezi wa Mtihani

Juzi nilikwenda Newala kwenye kikao cha familia, nikarudi Masasi na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha. Ngoja nikusimulie wewe, maana hapa Mkomaindo ninapouza supu na chapati watu wanakula wanaondoka, hakuna anayekaa akasikiliza mambo marefu.

Kikao kilikuwa cha kiwanja cha Bibi, mama yake mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Bibi alishafariki zamani. Nyumba yake imebaki na paa lenye matundu, na uani kuna kisima cha saruji cha kuhifadhia maji ya mvua. Wajukuu wanataka kujenga fremu za maduka kuelekea barabarani, na kisima kiko pale pale msingi unapotakiwa kupita, kwa hiyo kimeamuliwa kivunjwe. Sikupinga. Maji ya bomba sasa yanafika, hata kama yanakuja kwa zamu, na yasipokuja bodaboda wanapita na madumu.

Baada ya kikao chakula kikaletwa, nami nikashika birika na beseni kuwanawisha watu. Nilipofika kwa binamu yangu, mtoto wa Mjomba, akanawa taratibu, maji yakimwagika nje ya beseni, akaanza kucheka. "Angekuwepo Bibi hapa ningeshaulizwa kama baba yangu ana mto," akasema. Ukumbi mzima ukacheka. Akaona amepata wasikilizaji, akaendelea: "Lakini tuseme ukweli, yule bibi alikuwa mchoyo. Maji ya Mungu unayafungia kufuli?" Na Mjomba mwenyewe, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea mkongojo, akacheka mpaka akapaliwa.

Nilimalizia kunawisha waliobaki. Chakula sikukigusa.

Kama hukukulia juu kule Newala, inabidi nikueleze. Uwanda wetu hauna mto wala chemchemi. Udongo wake ni mwekundu na mzuri kwa mikorosho na mihogo, ila mvua ikishanyesha inazama yote chini, unabaki unatazama vumbi. Maji yako bondeni, chini ya ukingo, na kwenda kuyafuata ni kushuka mteremko unaokata magoti, kusubiri zamu kisimani, kisha kupanda tena na ndoo kichwani. Wanawake wa enzi za Bibi waliyapanda yale mawe wakiwa na mimba. Babu, kabla hajafa, alitumia fedha za korosho za msimu mmoja mzuri kuezeka nyumba kwa bati na kuchimba kile kisima uani. Hakununua baiskeli, hakuoa mke wa pili kama wenzake walivyokuwa wakifanya korosho zikilipa. Alichimba kisima, akamwachia Bibi ufunguo.

Nakumbuka mvua za kwanza kuliko ninavyokumbuka sikukuu. Tulikuwa tunazisikia zikija kutoka upande wa mikorosho, kwanza kwenye majani, halafu zinafika kwenye bati na hakuna tena anayemsikia mwenzake. Bibi alitoka mbio na kanga yake begani kwenda kuugeuza mfereji, maana maji ya mwanzo hayakuruhusiwa kuingia kisimani. Yalikuwa yanabeba vumbi la kiangazi na salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, ambayo kwa miezi ilikuwa ikipeperuka na kutua kwenye kila paa. Sisi watoto tulisimama chini ya mfereji uliogeuzwa tukaoga maji ya salfa, macho yakituwasha, tukicheka ovyo. Baadaye, bati likishatakata, Bibi aliurudisha mfereji, na tangu hapo hakuna aliyecheza tena. Ndani kulikuwa na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo ukimenya ganda lake vidole vinanata, na kisamvu cha karanga, na harufu ya korosho zilizoungulia pembeni mwa moto. Niliamini hakuna nyumba tajiri kuliko yetu, na kwa namna fulani nilikuwa sahihi.

Sasa sikiliza alivyofanya yule waliyemwita mchoyo. Mvua za mwisho zilipoisha alitukusanya uani, akafungua mfuniko, akazamisha ufito mrefu ulionyooka mpaka ukagusa sakafu ya kisima. Akautoa, akatazama ulipolowa. Kisha akakaa chini, akauweka mapajani, akaanza kuukata alama kwa kisu, kutoka juu yalikofika maji kushuka chini, na kila kipande akakipa jina kwa sauti ili wote tusikie. Kuna mwezi wa kuvuna. Kuna mwezi wa salfa. Kuna mwezi wa mbaazi. Kuna mwezi wa mabibo, wakati korosho zinaanza kudondoka na kila mtu yuko shambani toka asubuhi. Na kile kipande cha mwisho kabisa, cha karibu na sakafu, kilikuwa cha wagonjwa na maiti. Hicho hakikuguswa hata koo likikauka, kwa sababu mtu akifa nyumbani lazima aoshwe, na kwenda kuomba jirani maji ya kuosha maiti ilikuwa aibu ambayo Bibi hakutaka kuijua.

Kila Ijumaa aliuzamisha ufito tena. Kama tulikuwa juu ya alama, tulipata kuoga vizuri na kufua mashuka. Kama tulikuwa chini, alitangaza hali na wote tukabana. Maji yaliyooshea mboga yalioshea vyombo, yaliyooshea vyombo yalimwagiwa mpapai. Kuoga ilikuwa kata moja, na mtu akiongeza alisikia sauti ya Bibi kutoka jikoni: "Baba yako ana mto?" Tuliogopa lile swali kuliko fimbo. Lakini sikumbuki hata siku moja niliyolala na kiu, na nyumba za jirani watoto walilala nayo.

Mimi ninapiga mahesabu ya biashara yangu kila jioni. Najua nikinunua unga wa ngano leo kodi ya pango itatoka wapi, najua cha kutokugusa. Watu wananisifia, wananiambia Mama Zuhura unajua kupanga. Nimejifunza kwa ule ufito, si kwingine. Leo watu wenye akili zao wanakaa chini ya paa lililowanywesha, wanauita uchoyo.

Mwaka nilioingia darasa la saba Bibi aliongeza jina jipya. Alipofika katikati ya ufito alisimama, akanitazama, akasema, "Hapa ni mwezi wa mtihani." Akakikata kipande kirefu kuliko vingine. Kwa kawaida maji yalianza kupungua kabla ya mabibo, na hapo ndipo sisi wasichana tulipoanza kushuka bondeni kila alfajiri. Safari hii aliibana miezi yote iliyotangulia, akapunguza hata ya kuvuna, ili mimi nisishuke. "Mwaka huu mtoto habebi ndoo," akawatangazia. "Anabeba daftari." Mwalimu wetu alikuwa amemwambia kwamba nikituliza kichwa nitachaguliwa kwenda sekondari, na kutoka shule yetu walikuwa wakichaguliwa wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Bibi hakujua kusoma. Alichokuwa nacho ni maji, akanigawia.

Basi tukabana. Wadogo zangu wawili walinuna, kata ya kuoga ikawa nusu, Bibi mwenyewe akaacha kufua kanga zake nyumbani, akawa anazibeba siku za kwenda bondeni kuzifulia huko huko. Mpaka mwezi wa salfa tulikuwa juu ya alama. Naukumbuka ule ufito ukitoka kisimani umelowa kupita alama, na Bibi akiupigapiga kwa kiganja kwa furaha.

Kisha akaja Mjomba.

Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Baba yangu alikuwa kijijini Chiungutwa na shamba lake, lakini ilipofika wakati wa wadogo zangu kuingia jandoni, mwenye kauli alikuwa Mjomba, na Mjomba alikuwa anaishi Mtwara, kwenye maji ya bomba, akifanya kazi ya ghala. Alikuja na viatu vyake vya kung'aa kusimamia sherehe ya watoto kutoka jando. Na usifikiri Bibi hakuipangia sherehe ile. Aliipangia tangu mvua zinaisha. Alizunguka kwa ndugu wote, akaomba kila nyumba ilete ndoo ya maji kutoka bondeni, na wakaleta, mapipa yakajaa chini ya mkorosho. Yalikuwa ya kutosha kupikia wali, kutengenezea togwa, kuwaogeshea watoto na kunywesha wageni. Alishapiga hesabu yake.

Lakini huku kwetu ukubwa wa mwenye shughuli hauonekani kwenye nyama. Unaonekana kwenye maji. Mgeni aliyetembea na vumbi lake akifika, ukampa maji ya kunawa miguu na ya kunywa bila mtu kumtazama mkono anachota kiasi gani, hapo anaondoka akilitaja jina lako. Mjomba akaona mapipa yale ya michango, akaona wazee wanakunywa maji waliyoyaleta wenyewe vichwani mwa wake zao, na nyumba ina kisima. Akaona aibu. Sijui aibu ya nini, kwa sababu hakuwahi kubeba ndoo hata moja. Akasimama katikati ya watu, mbele ya wazee waliokaa kwenye mikeka, akanyoosha mkono kwa mama yake. "Mama, lete ufunguo. Watu wa kwetu hawawezi kunywa maji ya kuchangiwa kwenye nyumba ya marehemu baba."

Wazee wakaitikia kwa kuridhika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la wali. Nilimwona Bibi anamtazama mwanawe, halafu mkono wake ukaenda kwenye fundo la kanga kiunoni, ukalifungua, ukautoa ufunguo. Akampa.

Huwezi kuamini watu wanavyoyatumia maji ambayo hawakuyapanda mlima. Walioga wanaume, wakaoga wanawake, wakaoga na watoto ambao hawakuwa na shughuli. Vijana walimwagia uwanja wa ngoma ili vumbi litulie wacheze sindimba vizuri. Walimwagia uwanja, unanisikia? Jirani yetu mmoja, mama niliyempenda sana, nilimwona anapita nyuma ya nyumba na ndoo imejaa anaenda kwake, na baada yake wengine wakafuata mfano. Mtu wa kuwazuia hakuwepo, maana kumzuia mgeni kuchota kungekuwa kumtukana Mjomba. Alikuwa amekaa kwenye kiti, anasifiwa, wanamwimbia, na kila akisifiwa anatuma kijana aende akachote tena.

Ngoma ilipovunjika, Mjomba alipanda gari lake la Mtwara. Bibi alichukua ufito akauzamisha. Ulitoka na tope kwenye ncha. Hata kipande cha wagonjwa na maiti kilikuwa kimeondoka. Aliutazama, akaufuta lile tope kwa pindo la kanga, akauegesha ukutani. Halafu akaenda kutafuta ndoo, yake kubwa na yangu ndogo.

Tulishuka bondeni kila siku tangu pale mpaka mvua zikaja. Tuliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, Bibi mbele na fimbo, mimi nyuma. Foleni kisimani ilikuwa ndefu, maji yanachuruzika kidogo kidogo, mtu anayakusanya kwa kopo. Tulipomaliza kupanda jua lilishakuwa kali na kengele ya shule ilishalia. Mwalimu alinichapa kwa kuchelewa. Na kwa kuwa kila mwanafunzi alitakiwa kuja shuleni na kidumu cha maji ya mwalimu, alikuwa ananichapa kwanza halafu anakipokea kidumu changu na kukipeleka ndani kwake. Yale maji nilikuwa nimetoka kuyapandisha. Nilikuwa nasinzia kwenye hesabu, nasinzia kwenye Kiswahili, shingo inauma mpaka siwezi kuinama kuandika. Siku moja alikuja nyumbani kuuliza nimepatwa na nini, maana nilikuwa ninashika namba nzuri. Bibi alimjibu, "Nyumba haina maji, mwalimu." Basi. Hakumtaja mwanawe.

Mtihani niliufanya nikiwa nimetoka bondeni asubuhi ile ile. Sikumbuki swali hata moja. Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa nilisoma kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Msichana niliyekuwa ninamfundisha hesabu za sehemu alikuwepo. Mjomba aliposikia alituma salamu kwamba Mungu hakupanga.

Mungu hakupanga. Bibi alikuwa amepanga.

Nimekaa na hasira hii miaka mingi, na si kwa Mjomba peke yake. Nilimkasirikia Bibi pia. Nilimuuliza mara moja, nikiwa binti mkubwa nasubiri kuolewa, tukibangua korosho kibarazani: kwa nini ulimpa? Hakuacha kubangua. "Ningemnyima mwanangu mbele ya wazee," akasema, "siku ya kufa ningezikwa na nani?" Jibu lile sikuridhika nalo. Mpaka leo sijaridhika. Alijua kupanga kila tone lililodondoka juu ya bati lile, ila hakukuwa na alama ya kumwekea mwanamume anayenyoosha mkono mbele ya watu. Mwaka uliofuata aliukata ufito kama kawaida. Kuvuna, salfa, mbaazi, mabibo, wagonjwa. Ule wa mtihani hakuutaja tena.

Sasa turudi Newala. Watu walipomaliza kula wakatawanyika kwenda kuonyeshana mahali fremu zitakapoanzia. Mjomba akabaki amekaa kwenye mkeka, akaniita nikae naye. Alikuwa na upole wa wazee walioshiba. Akanishika mkono, akaniuliza habari za Masasi, biashara, watoto. Halafu akasema, "Wewe mtoto ulikuwa na akili sana. Hivi uliishia darasa la ngapi?"

"La saba, Mjomba."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Bibi yako hakukazania shule. Wazee wa zamani wale. Angekukazania ungekuwa mbali."

Nilikuwa nimekaa na maneno haya tangu utotoni, nikajua nikiyameza na siku hiyo nitakufa nayo. Nikamwambia kila kitu, kwa sauti ya chini kwa sababu ni mjomba wangu, lakini nilimwambia. Nikamwambia mwezi wa mtihani ulikuwa mrefu kiasi gani. Nikamwambia mama yake alikuwa akibeba kanga zake chafu kwenda kuzifua bondeni ili mimi nisome. Nikamwambia, "Yale maji uliyowamwagia watu uwanjani, Mjomba, ndiyo ilikuwa sekondari yangu."

Nilimwona anatafuta, anairudia siku ile, wageni, nyimbo, kiti alichokalia. Nadhani ilikuwa siku nzuri kuliko zote za maisha yake. Kisha akaniangalia na macho yake yenye ukungu, akauliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayetaka kujua, "Sasa mbona hamkusema?"

Hakuwa anajitetea. Kama angejitetea ningepata nafuu. Kweli hakujua, na miaka yote ile hapakuwa na mtu katika familia yetu aliyekuwa na ruhusa ya kumjulisha. Bibi amekufa, anaitwa mchoyo, mwanawe aliyelindwa naye anacheka, na wajukuu wanarithi neno hilo pamoja na kiwanja. Mipango yake yote, ile akili, kule kukesha akiwaza nani atakunywa nini mpaka mvua zije, vimepotea kabisa, na aliyebaki anavijua ni mimi niliyevikosa.

Nilisimama, nikajifunga kanga yangu, nikatoka kupitia uani. Kwetu hakuna anayeondoka bila kumuaga mjomba wake, labda kama ni wazimu. Mimi niliondoka. Amekuwa akipiga simu tangu juzi, inaita mpaka inakatika, na wateja wananiuliza mbona sipokei.